Mchanga wa Malindi Umetoka Bara

Mimi ni mtoto wa Shela, Malindi. Babu alikuwa mvuvi, baba alikuwa mvuvi, nami nikawa nahodha wa mashua ya kioo, zile ambazo mtalii huketi akaangalia samaki na matumbawe chini ya miguu yake. Katika miaka yote ya kazi hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza mchanga unatoka wapi, na lau angeniuliza ningemnyooshea kidole baharini. Kwetu hilo halikuwa jambo la kubishania. Bahari huleta, bahari huchukua. Mvuvi yeyote wa Mayungu au Ngomeni atakujibu vivyo hivyo mpaka leo.

Swali nililozoea lilikuwa jingine: kwa nini ufuo wa Mambrui unameta? Wataliano, ambao hapa kwetu ni wengi kiasi kwamba hata wauza mboga wanajua kuhesabu kwa lugha yao, wanaupenda sana ufuo ule. Nikawa nawaambia ni dhahabu. Walicheka, wakapiga picha, wakajaza chupa zao, na bakshishi ikaja vizuri. Siku hizi nawaeleza habari yenyewe, ambayo ni ndefu zaidi, na bakshishi imepungua.

Naandika ushuhuda huu kueleza habari hiyo ilinifikiaje na imenigeuza vipi, kwa sababu naona sisi watu wa pwani tunashindwa katika mabaraza ya ufuo kwa kutojua jambo ambalo kiganja kimoja cha mchanga kinaweza kulithibitisha.

Ilianza na abiria. Mwanamke mmoja, mhadhiri wa jiolojia, alikodi mashua yangu wakati wa kaskazi, na hakutaka kuona samaki. Alitaka kuteremshwa ufuo baada ya ufuo maji yakiwa yamekupwa. Akifika anachota mchanga kwa koleo dogo la chuma, anautia kwenye kifuko cha kitambaa, anaandika jina la mahali, tarehe na alipochota: ukingoni mwa maji, katikati, au juu kwenye vilima vya mchanga. Kwao ni Machakos. Aliniita Kapteni, nami nikamwita Daktari, na hatujaacha.

"Daktari," nilimwambia, "unajisumbua. Mchanga ni mchanga."

"Haya, Kapteni. Niletee wa Watamu na wa hapa Malindi, kiganja kimoja kimoja."

Kutoka Watamu hadi Malindi ni nusu saa kwa matatu. Alitandika visahani viwili juu ya ubao wa mashua, akatoa kichupa cha asidi hafifu, akadondosha. Mchanga wa Watamu, ule mweupe unaosifiwa kwenye matangazo ya hoteli, ukachemka. Ukatoa povu mpaka ukingoni mwa kisahani, ukanywea, na ulipotulia palibaki vumbi lisilojaa ukucha. Mchanga wa Malindi ulitoa povu kidogo tu, kisha ukanyamaza. Karibu wote ulikuwa bado upo.

Maelezo yake yalikuwa mafupi. Mchanga wa Watamu ni chokaa: vipande vya matumbawe, makombe, mwani wenye chokaa, na vijidudu vidogo vya bahari vilivyokufa. Huo kweli ni mtoto wa bahari. Ule wa Malindi sehemu kubwa ni kwazi, lile jiwe gumu la kung'aa kama kioo, na bahari haina uwezo wa kuzalisha kwazi. Kwazi hutoka kwenye miamba ya nchi kavu.

"Basi huu umetoka kwenu?" nikamuuliza kwa mzaha. Sisi wapwani tuna maneno yetu na watu wa bara, hasa katika mambo ya ardhi, na yeye aliyajua.

"Ufuo ni wenu, Kapteni. Mchanga umetoka kwetu."

Sikupenda jibu lile. Nilicheka, lakini sikulipenda, na nilitaka anithibitishie.

Akachukua karatasi nyeupe, akamwagia mchanga mkavu wa Malindi, akapitisha sumaku kwa chini. Chembe nyeusi zikasimama kama nywele za mtu aliyeshtuka, zikaifuata sumaku kila ilikokwenda, zikaziacha zile nyeupe zimelala. Hiyo ilikuwa magnetaiti, madini ya chuma. Chembe nyingine nyeusi hazikusimama kwa sumaku ile dhaifu. Nyingi kati ya hizo, akasema, ni ilmenaiti, yenye chuma na titani. Na katikati yake, ukiinama sana, kulikuwa na chembe za waridi. Nikadhani ni kombe. Akaniambia ni ganeti.

Ganeti naijua. Nani hapa Kenya hajasikia habari za vito vya Taita na Tsavo? Kuna ganeti ya kijani iliyoitwa kwa jina la Tsavo lenyewe, inayouzwa ghali ulimwenguni. Hii ya ufuoni ni jamaa yake maskini, haina bei, lakini ina maana kubwa kwa anayefuatilia asili, kwa kuwa haizaliwi popote pale. Inataka mwamba uliozikwa chini sana, ukakandamizwa na kupikwa kwa joto kali. Miamba ya namna hiyo tunayo katika ukanda mrefu ambao wanajiolojia wanauita Ukanda wa Msumbiji. Unatoka Msumbiji, unapita Tanzania, unaingia Kenya kwa Taita, Tsavo, Kitui na Machakos, ukielekea Ethiopia. Miamba yake ilipikwa miaka milioni 600 hivi iliyopita. Pwani yenyewe, penye mawe ya matumbawe na chokaa, haina mwamba wa kuzalisha ganeti. Kwa hiyo kila chembe ya waridi iliyo ufuoni ilisafiri.

Ilisafirije? Hapo ndipo Mto Sabaki unapoingia. Mdomo wake uko kaskazini ya mji wetu, na kila mtu wa Malindi anaujua kwa rangi ya maji yake. Lakini Sabaki ni jina la mwisho la mto wenye majina. Juu kabisa, pande za Ngong na Nairobi, unaitwa Athi. Unapita Machakos na Makueni, unaambaa chini ya uwanda wa Yatta, ambao ni ulimi wa lava wa karibu kilomita 300. Ukiingia Tsavo unakutana na Mto Tsavo, ambao maji yake yanatoka upande wa Kilimanjaro na kwenye chemchemi za Mzima chini ya vilima vya Chyulu. Hapo unakuwa Galana, na ukikaribia bahari unakuwa Sabaki. Kwa jumla ni kilomita 390 hivi, na nchi inayoumwagia maji ni karibu kilomita za mraba 70,000. Kila mvua inayonyesha katika nchi hiyo yote inaokota chembe na kuzipeleka Malindi.

Mwaka uliofuata Daktari alinialika maabara kwake. Nilikwenda kwa basi la usiku, nikiwa na mifuko ya mchanga niliyomchotea mwenyewe: ya ufuoni, ya kwenye daraja la Sabaki, na ya vilima vyekundu vya Magarini. Nitaeleza nilichokiona kule, maana ndicho kilichonivunja ubishi.

Kwanza mchanga huoshwa, ukaloweshwa kwenye asidi ili chokaa iishe, ukakaushwa na kuchekechwa kwa machekeche ya wavu mwembamba sana, ukabaki mchanga mwororo tu. Ndipo inapokuja kazi yenyewe. Kuna faneli ya kioo yenye bomba chini. Ndani yake hutiwa majimaji mazito. Zamani walitumia bromofomu, ambayo ni sumu na mvuke wake hauchezewi. Siku hizi maabara nyingi zinatumia chumvi ya tangsteni iliyoyeyushwa katika maji, ambayo ni salama zaidi. Majimaji hayo yana uzito wa karibu mara 2.9 ya maji. Kwazi ni mara 2.65, kwa hiyo inaelea. Ganeti inakaribia 4, zirkoni inapita 4.6, magnetaiti ni 5.2, hizo haziwezi kuelea. Daktari alimwaga mchanga wa Malindi juu, akakoroga kwa kijiti cha kioo, akaniambia nisubiri.

Kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha ule weupe ukabaki juu kama ngozi ya maziwa, na kutoka chini yake vikaanza kuanguka vyeusi, taratibu, kimoja kimoja, halafu kwa wingi, mpaka shingo ya faneli ikajaa weusi wenye vidoa vya waridi. Akafungua bomba kidogo, weusi ukashuka kwenye karatasi ya kuchujia, akafunga kabla weupe haujafika. Kiganja kizima cha mchanga kilikuwa kimetoa kiasi cha nusu kijiko cha chai. Hicho ndicho wanachokiita madini mazito, na ndicho kinachobeba habari. Kwazi ni nyingi lakini ni bubu, karibu kila mwamba unayo. Hizi chache ndizo zinazosema zimetoka wapi.

Zikagandishwa juu ya kipande cha kioo kwa gundi, zikawekwa chini ya hadubini ya wanajiolojia, ambayo ina vichujio viwili vya mwanga na kisahani kinachozunguka. Daktari aliniketisha, akaniambia nizungushe. Ganeti ikazimika, ikawa nyeusi, na hata ukizungusha vipi haiwaki. Zirkoni ikawaka rangi zote, buluu, njano, zambarau, imechongoka kama kipande cha penseli. Rutaili ni nyekundu ya damu iliyoganda. Kayanaiti ni ndefu, bapa, imekatika kwa pembe. Na kulikuwa na chembe za kijani, aina mbili. Moja ni honiblendi, ambayo miamba ya Machakos na Tsavo imejaa. Ya pili ni ogaiti, na hiyo ndiyo iliyonifanya niinue kichwa, kwa sababu ogaiti ya namna ile hutoka kwenye lava. Pwani nzima ya Malindi haina volkeno hata moja. Chyulu inayo. Kilimanjaro ni volkeno yenyewe.

Nimekaa Malindi maisha yangu yote na sijawahi kuuona mlima ule. Chembe zake nilikuwa nikizikung'uta miguuni kila jioni kabla ya kuingia nyumbani.

Kazi haiishii kwenye kutambua. Zinahesabiwa. Mtaalamu hupitisha kioo chini ya hadubini kwa mistari, akaandika kila chembe inayokatiza, mpaka zifike kiasi cha 300, ndipo anapata uwiano anaoweza kuutegemea. Kazi hii inachosha macho na mgongo, na mtu wa haraka haiwezi. Mimi nilijifunza kuhesabu zile za wazi tu, ganeti na zirkoni, na Daktari alirudia nyuma yangu. Mchanga wa darajani na mchanga wa ufuo wa Malindi ulitoa picha moja: ganeti, honiblendi, ogaiti, zote zipo, zote bado zina kingo. Mchanga wa Magarini ulikuwa mwingine kabisa.

Magarini ni vile vilima vya mchanga mwekundu nyuma ya mji. Ni mchanga wa kale sana, umekaa juani na mvuani kwa mamilioni ya miaka. Katika muda huo madini laini huoza. Olivini hutangulia kufa, kisha ogaiti, kisha honiblendi. Yanayobaki ni mabishi: zirkoni, tomalini, rutaili. Mwaka 1962 mtaalamu aitwaye Hubert alipendekeza kuyahesabu hayo matatu pamoja kama kipimo cha uzee wa mchanga, na kipimo hicho kinatumika hadi leo. Ukikuta ufuo umejaa hayo matatu na ilmenaiti, lakini honiblendi na ogaiti hazipo, basi ufuo ule haulishwi na mto wa leo. Unakula akiba ya vilima vya zamani.

Ndugu zetu wa Kwale wanaujua mchanga wa aina hiyo bila hadubini. Ni mchanga wa jamii ya Magarini uliochimbwa kule kuanzia mwaka 2013 kwa ajili ya ilmenaiti, rutaili na zirkoni, ukapakiwa melini Likoni, mpaka uchimbaji ulipofungwa Desemba 2024. Mali ile haikuletwa na bahari wala haikuzaliwa Kwale. Ilitoka kwenye miamba ya Ukanda wa Msumbiji, ikalala kwanza katika mawe ya mchanga ya Duruma, yakamomonyoka, ikalala tena kama vilima. Kila ilipohama ilipoteza madini yake dhaifu. Mabishi yaliyobaki ndiyo yaliyouzwa.

Sasa nirudi kwenye jambo ambalo sisi watu wa mashua tulidhani tunalijua. Baada ya mawimbi makali ya kusi, ufuoni hutokea mistari myeusi, pengine mabaka mapana. Wazee walisema bahari imeleta mchanga mweusi. Nilimwambia Daktari hivyo kwa kujiamini kabisa.

"Haijaleta, Kapteni. Imechukua."

Fikiria mama anavyopepeta mchele kwenye ungo: makapi yanaruka, punje zinabaki. Wimbi hufanya hivyo kwa mchanga. Linaporudi baharini linabeba kwazi, ambayo ni nyepesi, na linaziacha ilmenaiti, magnetaiti na ganeti. Kwa hiyo mstari mweusi ni dalili kwamba mchanga mwepesi umeondoka pale, na ukiona weusi unazidi kutanda mwaka hadi mwaka, ufuo huo unaliwa. Tangu niambiwe hivyo siwezi kutembea ufuoni kwa amani. Naangalia chini kama mtu aliyepoteza pete.

Jambo hilo lina hila yake kwa wapimaji pia. Kama wimbi linaweza kukusanya madini mazito mahali pamoja, basi wingi wake peke yake hauthibitishi asili. Mpimaji mzembe ataona ganeti tele aseme chanzo kiko karibu, kumbe ni wimbi tu limepepeta. Ndiyo maana mwaka 1994 wataalamu wawili, Andrew Morton na Claire Hallsworth, walishauri tulinganishe jozi za madini ambayo uzito na tabia yake katika maji vinakaribiana, mathalani rutaili na zirkoni. Wimbi likizipepeta linazipepeta pamoja, na uwiano wake unabaki kama ulivyotoka mlimani. Mimi hapo nilisalimu amri. Nilikuwa nimejiandaa kumbana Daktari kwa hoja ya mawimbi, nikakuta hoja yangu imeshajibiwa.

Mambrui je? Ule mng'ao ni ulanga. Ni madini ya kawaida katika miamba ya Ukanda wa Msumbiji, yanayovunjika kwa maganda membamba kama karatasi. Dhahabu ina uzito wa mara 19 ya maji, ingezama mtoni kule kule Tsavo isifike. Ganda la ulanga linapeperuka majini kama jani, linakwenda mbali, na wakati wa kusi mkondo na mawimbi husukuma mzigo wa Sabaki kuelekea kaskazini, ndiko Mambrui iliko. Wakati wa kaskazi mzigo huo hugeuka kusini, na ndipo maji ya Malindi yanapokuwa rangi ya chai ya maziwa.

Katika mapumziko ya kuhesabu Daktari alinisimulia kisa cha Vita vya Pili vya Dunia ambacho tangu hapo nimekirudia mara nyingi kwa abiria. Kuanzia Novemba 1944 Wajapani walirusha maputo makubwa yenye mabomu, maelfu kwa maelfu, yakabebwa na upepo wa juu kuvuka Bahari ya Pasifiki hadi Marekani. Wamarekani hawakuamini mwanzoni kwamba puto linaweza kutoka Japani. Walidhani yanarushwa kutoka karibu. Lakini maputo yale yalibeba vifuko vya mchanga, vya kupunguza uzito njiani. Mchanga ukapelekwa kwa wanajiolojia wa jeshi. Wakatazama madini mazito, wakatazama maganda ya vijidudu vya bahari, wakaona kwamba hakuna matumbawe ndani yake, na wakaonyesha kwamba ulichotwa katika fukwe za mashariki ya kisiwa cha Honshu. Wale jamaa walichota mchanga wa karibu na kiwanja chao, bila kufikiri kwamba mchanga unaweza kuwataja. Moja ya maputo hayo liliua mwanamke mjamzito na watoto watano katika jimbo la Oregon, Mei 1945.

Mimi sina vita na mtu. Lakini kisa kile kilinionyesha kwamba ushahidi wa mchanga unasimama hata mbele ya watu wasiotaka kuamini, na pwani yetu imejaa watu wasiotaka kuamini.

Sisi wenyewe ni wa kwanza. Malalamiko ya Malindi siku zote yamekuwa kwamba mchanga na tope vimezidi. Ufuo umesogea mbele, hoteli zilizojengwa ukingoni mwa maji sasa wageni wake wanatembea kidogo kabla ya kulowa miguu. Matumbawe ya hifadhi yetu, iliyotangazwa mwaka 1968, yanasumbuliwa na tope. Hilo si la kubuni. Mwaka 2007 wanasayansi walichapisha matokeo ya kupima tumbawe moja la Malindi lililokua kwa miaka 300 hivi. Tumbawe huongeza tabaka kila mwaka, na katika tabaka zake huhifadhi bariamu inayokuja na udongo wa mto. Kwa karne mbili za mwanzo bariamu ilikuwa ya kiasi. Kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20 ikapanda: mashamba mapya ya bara, misitu iliyokatwa, miteremko ya Ukambani iliyobaki wazi. Daktari alipolieleza hilo hakunilaumu wala hakutetea kwao. Alisema bibi yake alishuhudia makorongo yakikua.

Hapa wapwani tumekuwa na hasira na mto, na nilikuwa mmoja wao. Hasira hiyo imenitoka, kwa sababu nyingine isiyopendeza. Mto huo huo unapunguzwa. Huko juu mchanga unachotwa kwa malori kwenda kujenga Nairobi, kiasi kwamba kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuulinda mwaka 2015. Na pale Athi inapokutana na Mto Thwake, bwawa kubwa limekuwa likijengwa tangu 2018. Maji ya kunywa na ya mashamba wanayahitaji, siwezi kuwaambia wasijenge. Ila bwawa husimamisha maji, na maji yakisimama yanatua mzigo. Chembe za ogaiti kutoka upande wa Tsavo zitaendelea kuja, kwa sababu mto ule unaingia chini ya bwawa. Za Machakos nyingi zitabaki huko. Mtu atakayehesabu chembe za ufuo wa Malindi miaka ijayo ataliona bwawa lile chini ya hadubini kabla hatujaliona kwenye ufuo. Kwa hiyo sampuli za leo, kabla mambo hayajabadilika, zina thamani, na nimekuwa nikichota na kuhifadhi, kila kifuko na tarehe yake. Mke wangu amenipa kona moja ya banda la kuku.

Niseme na la baraza, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mwekezaji mmoja aliomba kibali cha kuondoa vilima vya mchanga nyuma ya ufuo, ajenge. Kikaitwa kikao cha umma kama sheria ya mazingira inavyotaka. Mtu wake akasimama, suti nzuri, akatuambia tusiwe na wasiwasi, mchanga ukiondolewa bahari italeta mwingine. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Ni maneno yetu wenyewe aliyokuwa akiturudishia! Kama ni zamani, nami ningeitikia.

Nilinyanyua mkono. Nikamwuliza kama amepima vilima vile. Akasema vimepimwa: urefu, upana, ujazo wa malori. Nikamwambia sikuuliza ujazo. Nikatoa sahani, karatasi na sumaku, nikawaita wazee wasogee. Wakaona weusi unasimama. Nikawaonyesha mchanga wa ufuo mbele ya kiwanja kile, ambao una mistari myeusi mipana, nikawaeleza bahari imefanya nini pale. Nikasema vilima vile ndivyo akiba inayoziba pengo kila kusi inapokula ufuo, na akiba yenyewe imeletwa na mto kwa muda mrefu kuliko Malindi ilivyokuwa mji. Mzee mmoja, rafiki wa marehemu baba, akaniuliza, "Mwanangu, hayo ya Machakos una hakika nayo?" Nikamjibu, "Mzee wangu, nimeyaona kwa macho haya." Kikao kilitaka uchunguzi wa asili ya mchanga ufanywe kwanza. Mpaka naandika haya haujafanywa, na vilima bado vipo.

Sijawa mwanajiolojia. Bado naendesha mashua, bado naishi kwa bakshishi. Lakini gharama ya uchunguzi wenyewe si ya kutisha: mifuko ya mchanga, maabara ya chuo, na mtu mwenye subira wiki chache. Ukuta wa zege wa kuzuia mawimbi unagharimu zaidi ya hapo mara nyingi, na mara nyingi unajengwa bila mtu kuuliza ufuo ule unalishwa na mto gani, au kama bado unalishwa.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu wa Malindi, Kilifi, Kwale, na wa Tanzania pia ambako fukwe za Kunduchi zimeliwa wakati mchanga wa vijito ukizolewa kwa ujenzi: likiitwa baraza la ufuo, nendeni, msiwaachie wenye suti. Ulizeni mchanga huu unatoka wapi, na ni nani aliyehesabu chembe zake. Kama hakuna aliyehesabu, msitie sahihi.